Gramafoni ya marehemu baba: niitengeneze au ninunue nyingine?

Swali: Nimerithi gramafoni ya marehemu baba, Pioneer PL-12D, pamoja na santuri kama 60. Nyingi ni ndogo za mizunguko 45 za muziki wa dansi, chache ni LP, na nne ni zile nzito za mizunguko 78. Mashine imekaa stoo zaidi ya miaka 20. Inawaka, ila inazunguka polepole na wimbo unaburuza. Nikiichomeka kwenye sabufa sauti inatoka kwa mbali, haina besi, halafu kuna mngurumo. Fundi mmoja wa Majengo kaniambia niachane nayo ninunue ile ya sanduku yenye Bluetooth. Mwingine anasema nibadilishe kichwa cha sindano niweke cha kisasa. Nimsikilize yupi? (Msomaji, Nkuhungu, Dodoma)

Jibu: Dada, kwa sasa usimsikilize yeyote kati yao. Wa kwanza anataka utupe mashine ambayo hajaifungua. Wa pili anataka utoe hela ya katriji (hicho kichwa kinachobeba sindano) kabla hajajua kama mkono utakaoibeba ni mzima.

Kwenye gramafoni ya mkanda kama hiyo, yaani mpira unaozungusha sahani inayobeba santuri, kuna vitu vitatu vinavyoamua kama inastahili hela yako: beringi ya sahani, beringi za mkono, na mota. Mkanda, sindano, katriji na waya ni vitu vya kuchakaa na kubadilishwa, kama tairi na breki za gari. Vile vitatu vikiwa vizima, itengeneze. Mkono ukiwa umekufa, nunua nyingine, lakini siyo ya sanduku.

Niimalize hiyo ya sanduku mapema. Nyingi zina mkono wa plastiki usio na uzani wa kurekebisha na katriji ya seramiki inayokandamiza santuri kwa gramu 5 au zaidi. PL-12D yako ina uzani wa kuzungusha nyuma ya mkono, na kwa katriji ya sumaku inakanyaga kwa gramu 2 hivi. Kwa santuri ambazo hazichapwi tena, tofauti hiyo siyo ndogo. Tena spika za sanduku zimefungwa humohumo inamokaa sindano, kwa hiyo kila besi inaitikisa sindano yenyewe.

Anza na kasi, maana ndiyo inayosema mengi

Chukua santuri usiyoijali, bandika kipande cha karatasi pembeni, washa kwenye 33. Weka saa ya simu dakika 3 uhesabu mizunguko. Jibu sahihi ni 100, maana 33 kwa ukamilifu ni 33 na theluthi. Ukipata 99 au 101, uko ndani ya asilimia 1 na sikio la kawaida halitalalamika.

Ukipata 83 au 84, na kila ukirudia unapata hiyohiyo, mkanda hauna kosa. Mota ya mashine hii ni ya AC na inafuata hezi za umeme (mara ngapi umeme unageuka kwa sekunde), siyo volti. Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya nchi za hezi 60, kama Marekani, ikiletwa hapa huzunguka kwa 50 kugawa kwa 60 ya kasi yake: 33 inakuwa 27.8, na 45 inakuwa 37.5. Transfoma ya kushusha volti haiponyi hilo, maana haigusi hezi. Dawa ni puli ya hezi 50 kwenye shafti ya mota, ambayo kipenyo chake ni kikubwa kwa asilimia 20 hivi. Karakana ya kukereza vyuma inaweza kuichonga, ila mwambie fundi tundu likae katikati kabisa. Mota ya aina hii huzunguka mara 25 kwa sekunde, na puli iliyokaa upande kidogo itaufanya wimbo utetemeke mwanzo hadi mwisho.

Ukipata namba zinazobadilika, mara 88, mara 94, mara 90, hapo ni mkanda unaoteleza au oili iliyoganda. Kwa mashine iliyokaa stoo miaka 20 kwenye ukavu wa Dodoma, mimi ningeweka dau kwenye vyote viwili.

Usitumie mkanda wa zamani kupimia mpya, kwa sababu umeshavutika. Pima njia yake. Toa sahani, zungusha uzi usiovutika kwenye ukingo wa chini unaopitiwa na mkanda pamoja na puli ya mota, uweke alama, unyooshe uzi kwenye rula, halafu punguza asilimia 3 hadi 5. Uzi ukiwa sentimita 60, mkanda uwe kati ya 57 na 58. Uwe bapa, siyo wa duara. Mikanda ya jina la mashine hii bado inatengenezwa na kuuzwa mtandaoni, kwa hiyo huna haja ya kubuni. Nasema hivi kwa sababu kuna mafundi wanaokata tyubu la baiskeli. Mpira wa tyubu haukatiki kwa upana mmoja, na kila sehemu pana au nene inapopita kwenye puli kasi inaruka. Kwenye gitaa la solo utaisikia wazi. Kabla ya kuvalisha mkanda mpya futa puli na ukingo wa sahani kwa spiriti, na usiushike kwa vidole vyenye mafuta.

Kisha fungua

Chomoa waya wa umeme ukutani kwanza. Kuzima swichi hakutoshi, ndani kuna volti 230.

Tikisa sahani kulia na kushoto ukiishika pembeni. Ikigonga, bushi inayoshika shafti imelika. Hilo ni tatizo la kweli, kwa sababu mngurumo wake unapanda moja kwa moja kwenye sindano. Isipogonga, nyanyua sahani uitoe, kisha chunguza shafti na shimo lake. Oili ya zamani huwa imegeuka gundi ya rangi ya kahawia. Isafishe kwa pamba na spiriti mpaka pamba itoke nyeupe. Mashine nyingi zina gololi ndogo ya chuma chini ya shimo, na inapenda kunata kwenye shafti halafu ikadondoka sakafuni. Itafute kabla hujaondoka hapo. Gololi ikiwa na kidoti kilicholika, weka mpya ya ukubwa uleule. Tia matone mawili au matatu ya oili nyepesi ya mashine, basi. Grisi ni nzito mno hapo. Dawa za kupulizia za kulegeza nati nazo zikae mbali: zinayeyusha uchafu, mashine inaonekana imepona, kisha zinakauka na kuiacha shafti kavu kuliko mwanzo.

Mota nayo ina bushi mbili, juu na chini. Tone moja la oili ya cherehani kila upande linatosha baada ya kusafisha. Mota ikinguruma bila kuanza kuzunguka, au ikihitaji kusukumwa kwa kidole, na shafti yake inazunguka laini kwa mkono, mshuku kapasita yake. Fundi asome thamani iliyoandikwa juu yake na aweke ya thamani hiyohiyo, ya kazi ya AC, yenye volti sawa au zaidi. Kapasita ya kawaida ya redio ikiwekwa hapo inaweza kulipuka.

Mkono ndio kipimo kikubwa zaidi, na hauhitaji kifaa. Zungusha uzani wa nyuma mpaka mkono uelee wenyewe bila kupanda wala kushuka, na kizuia-mvuto (kinachozuia mkono usivutwe kuelekea katikati ya santuri) ukiweke sifuri. Upulizie taratibu. Unatakiwa usogee kwa pumzi hiyo na usimame bila kukwama mahali. Kisha shika kichwa kwa vidole viwili ukitikise kidogo sana mbele na nyuma. Ukisikia tik-tik kwenye egemeo, beringi zimelegea. Mkono uliokwama au uliolegea ndiyo sababu kubwa kuliko zote ambayo ingenifanya nikubaliane na fundi wako wa kwanza kuhusu kuachana nayo. Kuna watu wanaoweza kuufufua, lakini gharama na hatari yake havilipi kwa mashine ya daraja hili.

Sauti ya mbali na mngurumo ni kesi mbili

Sauti ya mbali siyo ugonjwa wa gramafoni. Katriji ya sumaku hutoa milivolti 3 hadi 5 tu, wakati tundu la AUX la sabufa linasubiri umeme mara mia wa huo. Tena santuri hukatwa makusudi besi ikiwa imepunguzwa na sauti nyembamba zikiwa zimeongezwa, kwa kanuni ya RIAA iliyokubaliwa mwaka 1954. Lazima kuwe na kifaa cha kurudisha vyote viwili, yaani priampu ya fono. Amplifaya za zamani zilikuwa nayo ndani, kwenye tundu lililoandikwa PHONO. Sabufa zetu hazina. Nunua priampu ndogo ya nje iliyoandikwa MM (yaani ya katriji ya sumaku), iwe na skrubu ya GND, ya waya wa ardhi. Priampu ya maikrofoni isikudanganye: itakuza sauti lakini besi haitarudi.

Mngurumo mzito usiobadilika mara nyingi ni ule waya mwembamba unaotoka nyuma pamoja na waya za sauti. Unafungwa kwenye skrubu ya GND ya priampu au amplifaya. Kama umekatika, ndiyo jibu. Usiuunganishe kwenye pini ya umeme ukutani. Ukiufunga na mngurumo ukabaki, sugua kwa spiriti pini za kichwa pale kinapochomekwa kwenye mkono. Ukungu wa pale ni mwembamba lakini unatosha kukata chaneli nzima.

Na sabufa isikae meza moja na gramafoni. Besi itapanda kwenye sindano, irudi kwenye sabufa, mwisho inakuwa mvumo unaokua wenyewe. Weka sabufa chini kwenye sakafu ya saruji, gramafoni juu ya rafu iliyofungwa ukutani.

Sasa ndiyo tuzungumze katriji

Fundi wa pili alikuwa na hoja, ila kaanza mwisho. Sindano iliyokaa miaka 20 haifai hata kama ilitumika kidogo, kwa sababu kimpira kinachoshika kijiti chake hukauka. Ina ncha ya almasi, na ncha iliyolika huwa na kingo kali zinazochonga santuri. Isiguse santuri za baba mpaka ibadilishwe. Soma namba iliyoandikwa kwenye katriji. Kama sindano yake bado inapatikana na mwili wake unatoa sauti pande zote mbili, badilisha sindano peke yake. Shure, ambayo katriji zake zilikuwa kila mahali, iliacha kuzitengeneza mwaka 2018, hivyo sindano utakazoona zenye jina hilo ni akiba ya zamani, za watengenezaji wengine, au za kughushi.

Kama katriji yenyewe imekufa, kwa mkono huu ningeweka Audio-Technica ya familia ya VM95. Ina uzito wa gramu 6.1, mkono wako unaibeba, na sindano zote za familia hiyo zinaingiliana kwenye mwili mmoja. Kwa santuri ndogo za dansi zilizopigwa miaka mingi kwenye baa na sherehe, chukua VM95C yenye ncha ya duara. Ncha ya yai kama ya VM95E inasoma zaidi, lakini inasoma na makovu. Mtengenezaji anaipa ncha ya duara saa 500 hivi na ya yai saa 300. Kupanda zaidi ya hapo kwa mashine hii sikushauri: katriji yenye bei kuliko gramafoni itakuonyesha tu mngurumo wa beringi kwa ufasaha.

Kuifunga: skrubu za M2.5, umbali wa milimita 12.7 katikati. Waya nyeupe ni kushoto chanya, buluu kushoto hasi, nyekundu kulia chanya, kijani kulia hasi. Usichomee risasi kwenye pini za katriji, joto linaua koili ndani. Tumia vibanio vidogo vya waya na koleo la nyusi. Pakua karatasi ya kupangia pembe ya katriji, yenye vidoti vya milimita 66 na 120.9, na ukienda kuichapa stesheneri sema wazi wachape asilimia 100, bila kuipunguza ienee kwenye ukurasa, kisha uhakikishe kwa rula. Hapo ndipo wengi wanapotelea. Mwisho elea mkono tena, weka namba za uzani kwenye sifuri, zungusha hadi gramu 2, na kizuia-mvuto kiwe 2. Thibitisha kwa mizani midogo ya sonara, maana namba za uzani wa miaka ya 1970 hazisemi kweli siku zote.

Mpaka wa gharama

Jumlisha mkanda, katriji na ujira wa fundi. Jumla hiyo ikifika nusu ya bei ya gramafoni mpya yenye uzani wa kurekebisha, simama ufikirie upya. Priampu iweke pembeni ya hesabu, maana mpya nyingi pia zinaihitaji. Kwa mashine yenye mkono mzima sioni ukifika huko.

Ukilazimika kununua, angalia Audio-Technica AT-LP120XUSB. Ina mota inayozungusha sahani moja kwa moja bila mkanda, uzani wa nyuma, VM95E, priampu ndani, na mizunguko 33, 45 na 78. Dada yake mdogo, AT-LP60X, ni safi kwa mtu anayeanza, ila haina 78 na uzani wake umefungwa kiwandani. Mitumba kutoka Japani ikague kibandiko cha nyuma: nyingi ni za volti 100, na ukiichomeka hapa bila transfoma umeiunguza. Chochote utakachotuma kwa basi au treni kutoka Dar, sahani itolewe na ifungwe peke yake, uzani na kichwa vitolewe, mkono ufungwe. Sahani ikiachwa juu ya shafti hugonga beringi kila tuta.

Stebilaiza ni nzuri kwa amplifaya. Kwa kasi ya PL-12D haina msaada, kwa sababu hiyo hiyo ya hezi. Umeme ukikatika ukawasha jenereta ndogo, ikienda hezi 52 badala ya 50 wimbo wote unapanda asilimia 4, na usilaumu mkanda.

Kuosha, na zile nne za 78

Vumbi la kiangazi hapa Dodoma ni adui kuliko umri. Kufuta kwa kitambaa kikavu kunaongeza umeme wa msuguano na kuvuta vumbi zaidi. Osha santuri kwa maji ya betri, yale yasiyo na chumvi yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta. Soma chupa mara mbili, isije ikawa asidi ya betri. Weka tone la sabuni ya maji isiyo na mafuta, brashi laini kufuata mifereji, suuza kwa maji ya betri tena, zisimamishe kivulini. Maji ya bomba ya mji huu yana chumvi, na yakikaukia mferejini yanabaki humo kama mchanga. Lebo ya katikati isilowe.

Za 78 usiziguse kwa spiriti kabisa. Zimetengenezwa kwa shelaki, na spiriti inaiyeyusha. Usizipige kwa sindano ya kawaida pia: mfereji wake ni mpana, ncha ndogo inaelea chini kabisa kwenye takataka. Zinataka ncha ya mili 3 (sehemu tatu za elfu za inchi, siyo milimita), na kwenye familia ya VM95 hiyo ni sindano ya SP, inayokanyaga kwa gramu 5 hivi. PL-12D haina kasi ya 78, lakini kwa santuri nne hiyo si sababu ya kununua mashine nyingine. Weka sindano ya SP, ipige kwenye 45, rekodi kwenye kompyuta kwa programu ya bure ya Audacity, kisha ongeza kasi ya faili kwa asilimia 73.3. Uwiano wa besi na sauti nyembamba hautakuwa sawa kabisa, kwa kuwa priampu ilisahihisha kwa kasi isiyo yake. Urekebishe kwa sikio humohumo kwenye programu. Ukimaliza kurekodi, rudisha sindano ya duara na ushushe uzani hadi gramu 2 kabla hujagusa ile ya kwanza ya 45.